Mwenye Kujenga Nyumba na Atazame Makusudio Yake

Enyi ndugu zetu Waislamu! Mtu akijaaliwa kiwanja, la kwanza afanyalo ni kuitazama nyumba ya tajiri akasema, "Nami nataka kama ile." Hajiulizi ataishi vipi ndani yake.

Katika Sura ya An-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu ameitaja nyumba kuwa ni neema ya utulivu. Na katika An-Nur, aya ya 27, ametukataza kuingia nyumba za wenzetu bila ya idhini. Basi makusudio ya nyumba ni utulivu na sitara, na kila ukuta na upimwe kwa hayo.

Wazee wetu wa Lamu waliyafahamu. Mji wao wa kale, uliotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, ni darasa lililo wazi. Mlangoni waliweka daka lenye mabaraza, mgeni akaketi kwa heshima. Njia ya kuingilia wakaipinda, apitaye asione ndani. Na ndani wakaacha uwanja, waupao kiwanda, uingize mwangaza na upepo.

Wala hatusemi kila mtu ajenge kwa mawe na boriti. Twasema: chukua maana, usichukue sura. Dirisha lako lisichungulie ua wa jirani, wala ukuta wako usimzibie upepo. Na ghorofa ikikushinda, usiiendee kwa mkopo wa riba. Jee, utapata wapi utulivu katika nyumba ambayo msingi wake ni maasia?

Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.