Hatari Si Ila

Katika masoko ya pwani tangu zamani mwuzaji aliwajibika kwa jambo moja kuu: kuonyesha ila ya bidhaa yake. Mbuzi kilema, kitambaa kilichotoboka, mchele uliolowa maji ya bahari jahazini, vyote viliweza kuuzwa, lakini si kwa siri. Fikihi ya Kiislamu, ambayo wafanyabiashara wengi wa mwambao waliifuata, ilimpa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu akigundua ila iliyofichwa, na mwuzaji aliyenyamaza alihesabiwa mdanganyifu sawa na aliyesema uongo. Sheria hiyo ni njema, na ingali inafaa. Lakini imekuja bidhaa ya namna nyingine ambayo sheria hiyo haikuitazamia: bidhaa isiyo na ila yoyote, safi, timilifu, yenye mizani ya haki, nayo hudhuru kwa sababu ile ile inayoifanya iwe njema. Je, anayeiuza ana wajibu gani?

Mfano ulio karibu ni kostiki soda, ambayo wanakemia huiita haidroksidi ya sodiamu. Huuzwa Kariakoo, katikati ya Dar es Salaam, pamoja na malighafi nyingine za sabuni, ikiwa vipande vyeupe kama nta au chembe ndogo kama lulu. Wanunuzi wake aghalabu ni watu wa kipato kidogo: kina mama wa vikundi, vijana waliojifunza kutengeneza sabuni ya mche ili wapate nauli na karo. Mafuta ya mawese au ya nazi yakichanganywa na maji ya kostiki huacha kuwa mafuta yakawa sabuni, na kwa kazi hiyo soda dhaifu haifai. Basi mnunuzi huuliza kama ni kali. Mwuzaji huapa kwamba ni kali, na husema kweli. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Ila hushusha bei ya kitu. Ukali wa kostiki huipandisha. Mtu anayesifu mali yake mbele ya mnunuzi kwa kinywa kisicho na hila huweza kuwa amesema yote ambayo soko la kale lilimtaka aseme, na bado hajasema neno lililo kubwa kuliko yote.

Tabia za kitu hiki zastahili kutazamwa moja moja, kwa kuwa kila moja ina mtego wake. Hakiwaki moto wala hakilipuki, hivyo mtu hudhani kimetulia. Lakini kikitiwa maji hutoa joto jingi kwa ghafula, hata maji yaweza kuchemka na kumrukia usoni aliyeyamimina. Ndiyo maana mafundi hufundishwa kutia soda katika maji, kidogo kidogo, wala si maji juu ya soda. Kikikutana na aluminiamu huila na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto upesi; na sufuria za nyumba nyingi za Dar es Salaam ni za aluminiamu. Kikishayeyuka na kupoa hakina rangi wala harufu: macho huona maji. Mwilini hufanya kazi ile ile kinayoifanya katika ndoo ya fundi, yaani hugeuza mafuta ya nyama kuwa sabuni na kuyeyusha protini zake, na kwa hiyo huendelea kupenya ndani, tofauti na asidi nyingi ambazo huigandisha nyama na kujizibia njia. Mtoto akimeza funda moja, kinywa na umio huungua. Akinusurika, kovu laweza kuibana njia ya chakula katika wiki zinazofuata mpaka hata maji yapite kwa shida, na tangu hapo utoto wake ukawa wa kupelekwa hospitali mara kwa mara ili njia hiyo ipanuliwe.

Fauka ya hayo, jina lenyewe linapotosha. Soda, kwa Mswahili, ni kinywaji kitamu cha kumkirimu mgeni na kumnyamazisha mtoto. Magadi soda ni kitu cha jikoni cha kulainishia maharage. Badilisha neno moja tu, na jikoni pameingia sumu. Na neno dawa, katika maduka ya mjini, hubeba kila kitu: dawa ya mende, ya meno, ya choo na ya kikohozi. Lugha haikukosea. Imevipanga vitu kwa matumizi yake, na kwa maisha ya kila siku mpango huo watosha. Kwa kostiki hautoshi, kwa maana matumizi yake ni usafi na tabia yake ni kuunguza.

Mpango mwingine upo, nao ni uainishaji. Katika mkutano wa Rio de Janeiro wa 1992 mataifa yalikubaliana kutafuta njia moja ya kuzipanga kemikali kwa hatari zake, na mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulichapa kwa mara ya kwanza kitabu cha mfumo huo wa dunia. Kabla ya hapo kitu kimoja kiliweza kuhesabiwa sumu katika nchi moja na kisihesabiwe hivyo katika nchi nyingine, kana kwamba mwili wa mwanadamu hubadilika akivuka mpaka. Mfumo huo unazo hatari za kimaumbile, kama kulipuka, kuwaka na kula metali; hatari za afya, kama sumu, kuunguza ngozi na saratani; na hatari za mazingira. Kostiki huingia katika fungu la kwanza kwa kula metali, na kipimo cha daraja hilo ni kula chuma au aluminiamu kwa zaidi ya milimita 6.25 kwa mwaka katika joto la digrii 55. Katika fungu la afya huwekwa miongoni mwa vitu vinavyounguza ngozi, tena katika tabaka lililo kali kuliko yote: tabaka la vitu ambavyo vikigusa ngozi kwa dakika 3 au pungufu huiharibu kabisa, na uharibifu wake huonekana kabla ya saa 1 kupita. Alama yake ni mraba uliosimama kwa ncha, wenye mzingo mwekundu, na ndani yake matone yanaangukia mkono na kipande cha metali. Neno lake ni Hatari. Vipimo hivyo, ni haki kutaja, vilijulikana kwa ngozi za sungura wengi waliounguzwa katika maabara, na wanaoufurahia ujuzi huo hawana budi kukumbuka ulikotoka.

Jambo la kufikiriwa katika uainishaji huu ni kwamba hauulizi nani anakitumia kitu, wala kwa ustadi gani. Huuliza kitu chenyewe ni nini. Simba aliye kizimbani na simba aliye njiani ni simba mmoja. Tofauti ni kizimba. Wako wanaoona hiyo ni kasoro. Fundi wa miaka 20, husema, mwenye glavu na miwani, hayumo hatarini kama mtoto wa miaka 2 anayetambaa sakafuni. Mbona kibandiko kinawaambia wote neno moja? Hoja hiyo ina nguvu, lakini inasahau kwamba aliyekiandika kibandiko hakuweza kujua mikono itakayoishika chupa. Kati ya jirani na jirani onyo hufuata mtu: mzee huambiwa hivi, kijana vile. Kati ya watu wasioonana kamwe, kiwanda kikiwa ng'ambo ya bahari na mnunuzi akiwa Buguruni au Mbagala, ukweli unaoweza kusafiri bila kuharibika ni ule usiomtegemea msafirishaji. Wala mpango huo si kipofu wa kiasi. Katika orodha ya Umoja wa Ulaya, maji yenye kostiki asilimia 5 au zaidi hubaki katika tabaka kali kabisa, na yenye asilimia 0.5 mpaka chini ya 2 huhesabiwa kuwa ya kuwasha ngozi na macho tu. Unyonge wa kitu huhesabiwa kama nguvu yake inavyohesabiwa.

Hoja nyingine husikika kwa wauzaji: kila kitu ni hatari. Kisu hukata, panga huua, mafuta ya taa huwaka, na hakuna anayebandika karatasi juu ya panga. Jibu ni kwamba panga lina makali yanayoonekana. Kila aliangaliaye huonywa na macho yake mwenyewe, na hata mtoto hujifunza upesi. Kitu kinachofanana na maji hakimwonyi mtu yeyote. Kimezaliwa na ala ambayo mkono hauwezi kuivua. Kibandiko hakiongezi habari ya ziada kwa mnunuzi mwenye kupenda kusoma. Kinarudisha yale makali ambayo maumbile yaliyaficha, na anayekibandua hufanya kazi ya kuficha upya.

Waamerika waliyapitia haya karibu miaka 100 iliyopita kwa kitu hiki hiki. Majumbani mwao kostiki ilitumiwa kwa sabuni na kuzibua mabomba, na watoto waliinywa. Daktari mmoja wa koo, Chevalier Jackson, aliyefanya kazi Pittsburgh na kisha Philadelphia, na aliyepata sifa kubwa kwa kutoa sarafu na pini zilizomezwa, aliwaona watoto hao wakiletwa kwake na umio uliozibwa na makovu. Angeweza kuridhika na ufundi wake. Alianza badala yake kuwaendea watunga sheria, na mwaka 1927 ikapitishwa sheria iliyotaka makopo ya vitu hivyo vya nyumbani yaandikwe neno sumu pamoja na maelezo ya kumtibu aliyedhurika. Wazazi wa watoto wale hawakuwa wazembe kuliko wazazi wengine. Walikuwa na kopo kabatini lililofanana na kopo jingine.

Tanzania haikosi sheria. Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ilitungwa 2003, nayo huwataka wafanyabiashara wa kemikali wasajiliwe na kusimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwa gunia lililofungwa kiwandani na kupita bandarini mambo huenda vema: gunia la kilo 25 hufika likiwa na jina, alama na namba yake. Taabu iko katika kazi ambayo Kariakoo hasa hufanya. Mtaa huo ulipata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na hata leo ni mahali pa mizigo, ila siku hizi mzigo huja hapo ili uvunjwe. Gunia huwa kilo, kilo huwa nusu, nusu huwa robo. Kwa mchele, kugawanya hakuondoi kitu. Kwa kostiki, gunia hubaki na maandishi yote, na robo huondoka na mfuko mtupu wa plastiki, au, ikiwa imekwisha kuyeyushwa, huondoka na chupa ya maji ya kunywa. Vipande havikupungukiwa ukali hata kidogo. Kilichogawanywa ni uzito peke yake. Hatari ilibaki nzima katika kila robo, na onyo likabaki katika gunia lililotupwa.

Kwa hiyo wajibu hauwezi kukaa kwa kiwanda pekee, wala kwa serikali pekee. Mwenye kuvunja mzigo huurithi wajibu wa aliyeufunga. Asemaye kwamba yeye ni mchuuzi tu, hakukitengeneza kitu, anasahau kwamba alitengeneza kitu kipya: pakiti isiyo na jina. Hiyo ni kazi ya mikono yake, na kabla yake haikuwapo duniani.

Yawezekana kujibiwa kwamba haya ni mazungumzo ya watu walioshiba. Mama anayenunua robo hana fedha ya gunia. Ukiweka masharti mengi, biashara ya rejareja itakoma, na sabuni yake itakoma nayo. Pingamizi hili si dogo, na sheria inayomfukuza maskini sokoni kwa jina la usalama wake ni sheria ya kuangaliwa kwa shaka. Lakini kinachotakiwa hapa si ghali. Karatasi yenye jina la kitu, alama ya mkono na matone, na maneno machache: inaunguza, si ya kunywa, weka mbali na watoto, aliyemeza asukutue kinywa, asitapishwe, apelekwe hospitali upesi. Asitapishwe, kwa sababu kilichounguza kikishuka huunguza tena kikipanda. Maneno hayo yakiwa ya Kiswahili, na alama ikiwapo kwa asiyesoma, gharama yake kwa kila pakiti haifiki bei ya andazi.

Lililo ghali ni jingine. Mnunuzi akija na chupa yake ya maji ya kunywa atake kutiliwa humo, mwuzaji mwema humwambia, “Mama, humo sitii, mtoto ataiona maji.” Mama akiwa na haraka huvuka barabara, na duka la pili humtilia bila neno. Wa kwanza amepoteza faida ya siku kwa ajili ya mtoto asiyemjua, wala hatashukuriwa, kwa kuwa ajali isiyotokea haina shahidi. Uadilifu wa namna hiyo wapatikana kwa watu wachache, na si haki kuuacha uwe mzigo wao peke yao. Hapa ndipo mkaguzi anapohitajiwa, tena katika duka lile la pili.