Mimea ya Porini: Riziki na Dhamana

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Himdi zote ni zake Mwenyezi Mungu, Aliyeipasua ardhi akaotesha ndani yake chakula cha watu na cha wanyama wao. Sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu Waislamu, mvua za majira ya baridi zinaponyesha Oman, mabonde huchipua, na watu hutoka na watoto wao kwenda kuchuma. Huyu anatafuta humaidh, yenye majani machachu. Yule anafukua kamaa iliyojificha chini ya mchanga. Mwengine anaokota matunda ya mti wa sidri, ambao ndugu zetu waliotoka Unguja na Pemba wanauita mkunazi.

Jambo hili ni halali, na lina asili katika dini. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Basi kilichoota porini bila ya kupandwa, katika ardhi isiyokuwa na mwenyewe, ni cha aliyetangulia kukichuma. Ameisifu kamaa kuwa ni katika jamii ya mana. Na alipofariki binti yake, aliamrisha akoshwe kwa maji na majani ya mkunazi. Lakini uhalali wa kuchuma si ruhusa ya kumnywesha mtu usichokijua.

Katika miaka yangu ya ukadhi lilinijia shauri la majirani wawili. Mtoto wa mmoja wao aliumwa na tumbo. Jirani alikuwa amesoma sifa za harmali katika kitabu cha tiba kilichotoka Shamu. Akateremka bondeni, akachuma mmea ambao watu wa Oman wanauita kwa jina hilo hilo, akauchemsha, akamnywesha mtoto. Mtoto akazidi kuugua, akalazwa hospitali, mpaka Mwenyezi Mungu akamjaalia kupona. Harmali ya Shamu ina majani yaliyochanika mfano wa nyuzi. Harmali ya Oman ina majani mazima, marefu. Jina ni moja, mimea ni miwili, na yote miwili ina sumu.

Jirani yule alilia mbele yangu, akaapa kuwa hakukusudia ila kheri. Nilimsadiki. Lakini nia njema humwondolea mtu dhambi ya kukusudia, haimwondolei dhamana. Mtume (S.A.W.) amebainisha kuwa mwenye kujitia utabibu, naye hajulikani kwa utabibu, ni mdhamini wa alichokiharibu. Nikamhukumu alipe gharama za matibabu. Baba akamsamehe gharama hizo, na malipo yake yako kwa Mola wake. Hata hivyo, msamaha ni ihsani ya mwenye haki, wala si udhuru wa mwenye kosa.

Oman ilikuwa na matabibu wake. Mmoja wao ni Rashid bin Umaira wa Rustaq, aliyeandika vitabu vya tiba zaidi ya miaka 400 iliyopita. Elimu hii ina wenyewe, haiokotwi njiani. Na Qur'ani imetuamrisha kuwauliza wenye kujua, tena ikatukataza kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu.

Basi nakuusieni haya. Mmea ujue kwa macho ya mjuzi, usiujue kwa jina tu. Wewe uliyefunzwa na bibi yako Unguja kuchuma mchunga na mnavu, usidhani kila jani la ugenini linalofanana nayo ndiyo yenyewe. Mja mzito na mtoto mchanga wasinyweshwe dawa ya porini bila ya daktari kuulizwa. Na mgonjwa akifikishwa hospitali, msione haya kusema alichokunywa, kwani kuficha huko kunaweza kumuua.

Tena chumeni kwa kiasi, muache mizizi na mbegu. Na mkunazi wa jangwani, wanaojifunika kivuli chake wasafiri na wanyama, msiukate pasi na haki. Limekuja onyo kali juu ya jambo hilo.

Ewe Mola wetu, turuzuku kilicho kizuri, utufunze tusilolijua, na utukinge na madhara ya mikono yetu. Amin.