Wakfu, Chokaa na Ua wa Ndani

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, nyumba nyingi zilizojengwa na matajiri wa karne ya 19 zimekarabatiwa na kugawanywa: ukumbi wa wageni umekuwa fleti, vyumba vya juu vimekuwa fleti nyingine, na ua wa ndani, uliokuwa wa nyumba nzima, umepandwa asumini na mikomamanga ukawa bustani ya aliyepata sehemu ya chini. Mazungumzo kuhusu nyumba hizi huishia kwenye bei, vibali vya ujenzi na utalii, mambo ambayo yana umuhimu wake, lakini yanaliruka swali lililo chini yake. Nyumba ikishabadilishwa boriti, ikapigwa plasta upya na kupewa matumizi ambayo mjenzi wake hakuyawazia, ni kitu gani ndani yake kinachoendelea kuwa kile kile, na ni nani anayedaiwa kukilinda? Swali hilo huwa zito zaidi pale nyumba inapokuwa wakfu, yaani mali ambayo mwenyewe ameizuia isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi, ili manufaa yake yaende milele kwa watu au kwa jambo la kheri alilolitaja.

Inafaa kuanza na ukuta wenyewe, kwa sababu jibu la haraka ni kusema kwamba nyumba ni mawe yake. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, na unene wake mara nyingi hufika nusu mita au kuzidi. Juu yake hulazwa boriti za mikoko, ambazo haziwezi kubeba sakafu nzito ya mawe na chokaa zikivuka urefu wa mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, vya tajiri na vya asiye tajiri sawasawa. Chokaa hupumua: hufyonza unyevu wakati wa masika na kuutoa jua likiwaka, na kwa kufanya hivyo hujimaliza polepole, ikabidi ipakwe tena. Saruji haina subira hiyo. Ikipigwa juu ya ukuta wa matumbawe huziba vinyweleo vyake, unyevu unaopanda kutoka ardhini ukakosa pa kutokea, chumvi iliyomo ndani ya jiwe ikaganda nyuma ya plasta na kuisukuma mpaka ikabanduka mapande mapande, huku boriti zilizoingia ukutani zikioza vichwa pasipo mtu kuona. Kwa hiyo nyumba ya namna hii haikuwahi kuwa kitu kilichojengwa mara moja kikaachwa. Tangu siku ya kwanza ilikuwa kitu cha kutengenezwa daima, na sehemu kubwa ya kile anachokiona mpita njia leo si kile kilichopakwa na fundi wa kwanza.

Wanafalsafa wa Kiyunani walikuwa na mfano wao wa jambo hili. Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliihifadhi merikebu ya shujaa Theseus kwa kung'oa kila ubao uliooza na kutia mpya, hadi wenye hoja wakagawanyika, wengine wakisema ni merikebu ile ile na wengine wakikana. Na Thomas Hobbes, katika kitabu chake De Corpore cha mwaka 1655, aliliongezea fumbo hilo makali kwa kuuliza ingekuwaje kama mtu angeziokota mbao zote za zamani na kuunda merikebu ya pili. Wafuasi wa Aristotle wangejibu kwamba kitu hakifanywi kuwa kile kile na mada yake, bali na umbo na kusudi lake. Jibu hilo lina nguvu, lakini halitoshi hapa, kwa sababu umbo la nyumba linaweza kubakizwa kwa uangalifu mkubwa huku kusudi lake likizikwa: mlango wa nakshi upo na misumari yake ya shaba, mashubaka yapo ukutani, baraza ya nje ipo, ila imewekewa vyungu vya maua ili majirani wasiketi. Hodari wa kupiga picha atasema nyumba imeokolewa.

Muislamu hana haja ya kwenda Athens kutafuta mfano. Al-Kaaba, Nyumba ambayo kila siku huelekewa katika sala, imejengwa upya zaidi ya mara moja katika historia inayojulikana. Makureshi waliijenga kabla ya utume, katika tukio ambalo Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alisuluhisha ugomvi wa nani aliweke Jiwe Jeusi mahali pake. Abdallah ibn al-Zubayr aliijenga tena baada ya moto na vita vya mwaka 683, akaipanua na kuitia milango miwili. Jemadari al-Hajjaj aliyemshinda akaubomoa upanuzi huo miaka kumi hivi baadaye na kulirudisha umbo la awali. Na gharika la mwaka 1630 lilipoangusha kuta, Sultan Murad IV wa Dola ya Uthmaniya aliamuru ijengwe upya. Mawe yalibadilika, na kwa muda hata umbo lilibadilika, lakini hakuna fakihi aliyepata kusema kwamba waliosali wakati wa Ibn al-Zubayr walielekea nyumba nyingine. Kubaki kwa Nyumba hiyo kuwa ile ile kunatokana na mahali pake na jambo ambalo Mwenyezi Mungu amelifungamanisha na mahali hapo. Nyumba za binadamu hazina utakatifu huo, na kuzilinganisha nayo kwa cheo kungekuwa utovu wa adabu, lakini kanuni inayojitokeza inazihusu pia: nyumba inaweza kudumu kuwa ile ile kwa sababu ya haki zilizofungwa kwayo.

Wakfu ndio chombo kilichobuniwa na sheria ya Kiislamu ili kufunga haki hizo. Asili yake hurejeshwa kwenye hadithi mashuhuri ya Umar ibn al-Khattab, aliyepata shamba huko Khaybar akamwendea Mtume kutaka ushauri, akaelekezwa alizuie shina lake na kuyatoa matunda yake sadaka. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, umiliki wa mali iliyowekwa wakfu humtoka mwenyewe na kuwa wa Mwenyezi Mungu. Wamaliki wanasema shina hubaki mikononi mwa aliyeliweka, ila amejifunga mikono. Na Abu Hanifa mwenyewe hakuuona wakfu kuwa mkataba usioweza kuvunjwa, ingawa wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani, walimpinga na rai yao ndiyo iliyoshinda. Zanzibar, chini ya masultani wa Kiibadhi na penye raia wengi wa Kishafi, wakfu ulienea sana, wanawake wakiwa miongoni mwa walioweka nyumba zao kwa ajili ya misikiti, vyuo vya Kurani, maskini, ndugu, na watumwa walioachwa huru ambao hawakuwa na pa kukaa. Ule wa kheri ya watu wote huitwa wakfu khairi, na ule wa kizazi cha mwenyewe huitwa wakfu wa dhuria. Lakini hata huu wa pili, kizazi kikikatika, mwisho wake huwa ni maskini.

Katika fiqhi ya wakfu kuna hukumu moja ambayo wakarabati wa leo wangefaa kuisoma kabla ya kusoma ramani. Mafakihi wengi wanasema kwamba mapato ya nyumba ya wakfu huanza kulipia imara, yaani matengenezo yanayoiweka hai, kabla ya kumfikia mnufaika yeyote, hata kama aliyeiweka hakutaja matengenezo katika hati yake. Methali ya ufa na ukuta, ambayo kila mtoto wa pwani ameisikia, hapa imekuwa sheria: nyumba ni mnufaika wa mwanzo wa kodi yake yenyewe. Kwa kipimo hiki, nyumba za Mji Mkongwe hazikuanza kusalitiwa siku mwekezaji alipofika na mkoba wa fedha. Zilianza kusalitiwa zamani, kodi zilipokuwa ndogo kiasi cha kushindwa kununua mifuko ya chokaa, dari ikavuja mwaka hadi mwaka, na kila mhusika akamsubiri mwenzake. Hapo jiwe nalo lina haki. Mwenye kudai kwamba nia njema inatosha na kwamba kuta ni vumbi tu, amesahau kuwa manufaa ya maskini yamo ndani ya kuta hizo, na zikianguka huanguka nayo. Hata Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, halikusalimika kwa umaarufu wake. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Lakini itakuwaje mapato ya nyumba yasipotosha kuijenga? Wamaliki na Washafi kwa jumla ni wagumu kukubali wakfu uuzwe. Imam Ahmad ibn Hanbal aliruhusu kuuza hata msikiti ulioharibika ukakosa wa kusali ndani yake, ili thamani yake ipelekwe mahali pengine, na mabadilishano ya namna hii huitwa istibdali. Katika miji ya Dola ya Uthmaniya, baada ya mioto mikubwa ya Istanbul, ilipatikana njia ya tatu iliyoitwa ijaratain, maana yake kodi mbili: mpangaji hutoa mkupuo mmoja mkubwa unaokaribia thamani ya jengo, fedha hizo zikatumika kulifufua, kisha hulipa kodi ndogo kila mwaka, na kwa kufanya hivyo hupata haki ya kukaa muda mrefu sana. Anayelipa leo gharama za kufufua nyumba mbovu kwa kupewa miaka mingi ya kuishi au kupangisha anafanya jambo lililo na ukoo mrefu, na si haki kumwita mporaji kwa sababu tu ana fedha. Hatari ya ijaratain ilikuwa mahali pengine: kodi ndogo ya mwaka ilibaki ile ile huku thamani ya fedha ikishuka, hadi baada ya vizazi kadhaa mpangaji akawa mmiliki kwa kila hali isipokuwa jina, na wakfu ukabaki karatasi.

Wataalamu wa uhifadhi wa Ulaya wamebishana kwa lugha nyingine. John Ruskin, mwaka 1849, aliiona kazi ya kurejesha majengo ya kale kuwa uongo. Viollet-le-Duc wa Ufaransa akaitetea hata pale inapolipa jengo ukamilifu ambao huenda halikuwahi kuwa nao. Hati ya Venice ya mwaka 1964 ikataka kazi mpya itambulikane na ya zamani, na Waraka wa Nara wa mwaka 1994 ukakubali kwamba kila utamaduni una kipimo chake cha uhalisi. Mwaka wa Hati ya Venice ndio mwaka wa Mapinduzi ya Zanzibar, ambapo wenye nyumba wengi walikimbia au walinyang'anywa, na wengine wakaingizwa vyumbani mwao. Hati inayohesabu mawe haina la kusema juu ya hilo. Fiqhi inalo, kwa kuwa ina mlango mzima wa ghasbi, yaani kuchukua mali ya mtu bila haki, na mafakihi waliuliza hata kama sala ya mtu ndani ya nyumba ya ghasbi inasihi; wengi walisema inasihi lakini mwenye kusali ana dhambi, na baadhi ya wanazuoni wa Kihanbali walisema haisihi kabisa.

Ua wa ndani ndio mahali ambapo mambo haya yote yanaonekana kwa macho. Katika nyumba kubwa za Kiarabu vyumba viliuzunguka ua, navyo vilipata humo hewa na mwanga ambao kuta nene za nje hazikuuruhusu, na wanawake walifanya humo kazi zao pasipo kuangaliwa na njia. Ulikuwa wa kila aliyeishi humo, wa juu na wa chini. Ukigeuzwa bustani ya fleti moja, mara hubadilika mambo mawili. Udongo na maji ya kumwagilia huletwa kwenye mguu wa ukuta ulioishi kwa kukauka, na baada ya muda alama ya unyevu hupanda na chokaa ya chini huanza kuvimba na kupukutika. Bustani iliyomvutia mpangaji ndiyo inayoila nyumba yake, isipokuwa fundi amewekea mimea vyombo vyake na kuyapatia maji njia ya kutoka. La pili ni jicho. Dari za juu zimefanywa migahawa, na aliye juu hutazama chini katika faragha ya jirani, jambo ambalo makadhi wa miji ya Kiislamu walilihukumu mara nyingi kwa kanuni ya Mtume inayokataza kudhuru na kulipiza madhara, wakamwamuru mwenye dirisha aliinue au alizibe. Picha ya pepo katika Kurani ni ya mabustani yapitayo mito chini yake, na si ajabu binadamu kutaka kipande chake nyumbani. Ila waliomo katika picha hiyo hawana kinyongo vifuani mwao, wala hawajifungii.

Kwa hiyo fleti iliyokarabatiwa katika nyumba ya wakfu haipimwi kwa chokaa peke yake, ingawa bila chokaa haipo. Hupimwa kwa mkataba wake: kama kodi inapanda kadiri thamani inavyopanda, kama imara imetajwa kwa kiasi na si kwa maneno ya heshima, kama baraza inaketiwa, kama jirani wa ghorofa ya juu bado ana hewa ya ua. Na hupimwa kwa hati ya kwanza, ile aliyoiandikisha mwenye nyumba mbele ya kadhi. Aliowataja wakiwa wametoweka, rai yenye nguvu ya Washafi haiiachi mali hiyo kwa aliyeko ndani, bali huyapeleka manufaa yake kwa jamaa wa karibu zaidi wa mwenye kuiweka, na wasipokuwapo, kwa maskini. Na msimamizi, anayeitwa mutawali, hapaswi kupokea kodi ya mwezi ujao kabla ya kuwatafuta.