Maji ya Mzima na Siri ya Uzito

Ndugu zetu wa Mombasa, kila tufunguapo mfereji tukatia udhu, yafaa tujiulize: maji haya yametujiaje? Sehemu yake yatoka chemchemi za Mzima, katika nchi ya Taita Taveta. Bomba lililojengwa katika miaka ya 1950 huyaleta hata mjini, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, likipita upande wa Voi. Nayo hayaji kwa nguvu za mashine, bali huteremka kwa uzito wake.

Na uzito ni nini? Aristotle wa Wayunani alisema kila kitu hutaka kurudi mahali pake pa asili. Al-Khazini wa Merv, katika kitabu chake Mizan al-Hikma cha mwaka 1121, alisema uzito ni nguvu ya kuelekea kitovu cha dunia, nao hubadilika kwa umbali. Newton, mwaka 1687, alisema kila kitu huvuta chenziwe, na umbali ukizidi mara mbili mvuto hubaki robo. Lakini sababu ya mvuto alikiri kuwa haijui. Einstein, mwaka 1915, alisema vitu vizito hupinda mahali na wakati, na vinginevyo hufuata njia iliyopinda. Jua lilipopatwa mwaka 1919, nuru ya nyota ilionekana imepinda kandoni mwake, karibu na kadiri aliyoitaja.

Wako wasemao: "Wataalamu wageukao hivi, tuwaaminije?" Twajibu: hesabu ya Newton yatosha hata leo kwa bomba la Mzima, ya Einstein yahitajiwa kusahihisha saa za setilaiti. Wa nyuma hakuyabomoa yote ya wa mbele, bali aliyapanua. Kukosolewa si aibu. Aibu ni kukataa kukosolewa.

Lakini liko swali ambalo hapana hata mmoja wao aliyelijibu. Uzito huyafikisha maji pwani. Hausemi nani anywe kwanza. Wenyeji wa Taita Taveta wamenung'unika miaka mingi kwamba maji ya nchi yao huwapita nao wana kiu. Tusiwaambie kwamba ndiyo tabia ya maji kuteremka. Mteremko ni wa maumbile. Bomba na mafungu yake ni kazi ya binadamu. Maji hayana khiari. Sisi tunayo, na kwa hiyo tutaulizwa.