Waranti Imeisha

Taa yangu ya sola, niliyoinunua Voi, ilizimika wiki tatu baada ya waranti ya mwaka mmoja kuisha. Jirani yangu hapa Sagalla alinishauri nifute tarehe kwenye risiti. Nilikataa, huo ni wizi, hata kama kilichoharibika ni changu. Lakini kunyamaza pia sikutaka. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, wala hakitaji miezi ya waranti. Nikateremka mjini Voi, nikamwambia muuzaji: “Ndugu yangu, muda umepita, najua. Ila haikuanguka wala haikulowa.” Juu yake ukutani paliandikwa kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Hata hivyo, akaifungua taa mbele yangu, akatia betri mpya. Bei yake tuligawana.