Risasi Tano Hazisemei Kasha

Kulikuwa na kijana mmoja wa Dakawa, mtoto wa mkulima wa mpunga wa SARO 5 katika mashamba yanayonyweshwa na maji ya Mto Wami. Alipenda mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola. Mkono wake ulitulia, jicho lake lilikuwa kali, na vibali vyake vyote vilifuata Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Alichokosa ni subira.

Bastola yake ilitumia risasi ndogo za milimita 5.6. Risasi hizi kilipuzi chake hakikai katikati ya kitako cha ganda. Kimesambazwa ndani ya ukingo, na pini ya bastola huugonga ukingo huo ili baruti iwake. Kilipuzi kikienea vibaya, au baruti ikipungua kidogo tu, kasi hubadilika: moja hupiga juu, nyingine chini, hata kama mpigaji hakutikisika. Tena risasi inayopiga vizuri katika bastola hii huweza kutawanyika katika ile, na toleo moja la kiwanda huweza kutofautiana na toleo lililofuata.

Siku ya kuchagua risasi za mashindano, kijana alifika uwanjani na aina nne. Akapiga tano za kila aina kwa umbali wa mita 25, bila kuegemeza mkono. Aina ya tatu, iliyokuwa rahisi kuliko zote, ikaacha matundu matano yaliyobanana ndani ya duara la alama 10, ambalo kipenyo chake ni milimita 50.

"Afande, nimezipata!" akasema.

Mwalimu wake, mwanajeshi mstaafu, akaitazama karatasi. "Umepata matundu matano, mwanangu. Wewe ni mtoto wa Dakawa. Mnunuzi akichoma bambo gunia moja, akakuta punje nzuri, atalipia lori zima?"

Kijana akaitikia kwa heshima, kisha akaenda kununua kasha zima. Namba ya toleo hakuiangalia.

Siku ya mashindano matundu yakatapakaa karatasi nzima. Katikati ya mzunguko wa pili, risasi moja ikalia "pfu", sauti hafifu. Bastola haikujipakia. Kwa haraka ya kuwahi muda akaivuta kwa mkono, ganda tupu likaruka, risasi mpya ikaingia. Kidole kilikuwa kinarudi kwenye kifyatulio aliposikia sauti ya mwalimu: "Acha! Usifyatue!"

Bastola ikaondolewa risasi, ikafunguliwa, mtutu ukapimwa kwa ufito. Ufito ukakwama. Risasi ile hafifu ilikuwa imenasa humo ndani. Angefyatua tena, ya pili ingeikuta ya kwanza njiani, na mtutu ungevimba au kupasuka mkononi mwake.

Funzo la kwanza ni la kipimo. Matundu machache yaliyobanana yanaweza kuwa bahati. Ukiendelea kupiga, kundi la matundu hupanuka, wala halirudi kusinyaa. Ndiyo maana kundi la risasi 10, likirudiwa mara kadhaa, husema kweli zaidi kuliko tano za mara moja. Egemeza bastola ili usipime mkono wako badala ya risasi. Ukibadili aina, zile za mwanzo usizihesabu, kwa kuwa mtutu bado una mafuta ya aina iliyotangulia. Andika namba ya toleo, na ukiridhika, nunua toleo hilohilo.

Funzo la pili ni la uhai. Risasi ikigoma kulipuka, mdomo wa bastola ubaki umeelekea shabaha kwa sekunde 30 au zaidi kabla ya kuifungua, maana inaweza kuwaka kwa kuchelewa. Ikilia hafifu, simama hapohapo, ondoa risasi zote, mtutu ukaguliwe. Alama zilizopotea hutafutwa mashindano yajayo, vidole havirudi.

Wewe unayeshika bastola ya shabaha leo, usione haya kupima tena mbele ya wenzako. Haraka haraka haina baraka, na kwenye uwanja wa shabaha haraka ina hatari.