Sanaa ya Ulimwengu Pepe na Ukatili Dhidi ya Wanawake

Sanaa ya ulimwengu pepe huundwa ndani ya mazingira ya kompyuta ambamo watu hukutana kwa kutumia avata, yaani maumbo ya kidijitali wanayoyaendesha wenyewe mbele ya skrini au wakiwa wamevaa miwani maalumu. Mtazamaji huingia ndani ya kazi yenyewe, akatembea humo na kuzungumza na wenzake. Wanaharakati wanaopinga ukatili dhidi ya wanawake wameitumia sanaa hii, na matumizi hayo yamezua swali la kimaadili: mahali ambapo hakuna mwili unaoguswa, tendo la kupinga ukatili lina uzito gani?

Jibu linaanzia kwenye ukatili wenyewe. Mwaka 1993, katika LambdaMOO, ulimwengu uliojengwa kwa maandishi matupu na kuendeshwa kwenye kompyuta ya kituo cha utafiti cha Xerox mjini Palo Alto, Marekani, mtumiaji aliyejiita Mr. Bungle alitumia programu iliyomwezesha kuwaandikia wengine matendo wasiyoyachagua. Mbele ya watu waliokusanyika katika chumba kimoja, aliwafanya wahusika wa wengine, wakiwemo wanawake, waonekane wakidhalilishwa kingono. Wenye wahusika hao walisoma mistari ikipita kwenye skrini zao bila uwezo wa kuizuia. Mwandishi Julian Dibbell alieleza tukio hilo katika gazeti la The Village Voice Desemba mwaka huohuo. Mmoja wa waliodhulumiwa alimweleza kwamba alipokuwa akiwaandikia wenzake kuhusu mkasa huo, machozi yalimtiririka. Baada ya mabishano makali, mmoja wa wasimamizi alimfuta mhusika yule, kisha ukawekwa utaratibu wa wanajamii kupiga kura juu ya mambo yao.

Hakuna aliyeguswa mwilini, lakini dhuluma ilitendeka. Kilichoshambuliwa ni mamlaka ya mtu juu ya nafsi yake na heshima yake mbele ya wenzake, na vyote viwili vilikuwepo mle chumbani. Tamko la Umoja wa Mataifa la Desemba 1993 kuhusu ukatili dhidi ya wanawake nalo halikuishia kwenye majeraha ya mwili. Lilitaja pia madhara ya kisaikolojia na vitisho. Mwanafalsafa David Chalmers, katika kitabu chake Reality+ cha mwaka 2022, anatetea hoja kwamba yanayotokea katika ulimwengu pepe hutokea kweli na yanaweza kuwa na maana kamili katika maisha ya mtu. Anayekubali hoja hiyo upande wa madhara hawezi kuikataa upande wa wema. Kama udhalilishaji wa humo ni udhalilishaji, basi mshikamano wa humo nao ni mshikamano.

Mfano wa mshikamano huo ni kampeni ya One Billion Rising, iliyoanzishwa na mwandishi wa tamthilia Eve Ensler. Jina lake linatokana na makadirio kwamba mwanamke mmoja kati ya watatu duniani hupigwa au kubakwa katika maisha yake, idadi inayozidi bilioni moja. Tarehe 14 Februari 2013 watu walipocheza dansi barabarani katika nchi nyingi, wengine walicheza ndani ya Second Life, ulimwengu pepe uliofunguliwa na kampuni ya Linden Lab mwaka 2003. Kwa kuwa kila eneo la ulimwengu huo hubeba idadi maalumu tu ya avata, jukwaa lilijengwa pale maeneo manne yanapokutana ili umati ucheze pamoja. Pembeni yake ziliwekwa kazi za sanaa na maelezo kuhusu mapambano dhidi ya ukatili. Katika uwanja kama huo, mwanamke asiyeweza kutoka nyumbani, kwa ulemavu au kwa kuhofia anayemtesa, anaweza kusimama kati ya watu kwa jina alilolichagua mwenyewe. Mtesaji hujitahidi kumtenga anayemtesa, na kutengwa huko ndiko sanaa ya namna hii inakovunja.

Njia nyingine ni kumweka mtazamaji ndani ya mkasa. Katika Kiya, kazi ya mwaka 2015 ya Nonny de la Peña, anayevaa miwani hujikuta katika nyumba ambamo mwanamume amemshikia bastola mpenzi wake wa zamani, huku sauti halisi za dada wa mwanamke huyo wakipiga simu ya dharura zikisikika. Hapa inahitajika tahadhari. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na hakuna mtambo unaoweza kumpa mtazamaji adhabu hiyo. Anayevua miwani akidhani ameonja mateso ya mwingine amejidanganya, na amemnyang'anya mwenye mateso haki ya kuyasimulia. Susan Sontag alionya mwaka 2003, katika kitabu chake kuhusu picha za mateso ya wengine, kwamba huruma isiyogeuzwa kuwa tendo hunyauka. Thamani ya Kiya iko katika kumfanya mtu shahidi, na shahidi ana wajibu wa kusema alichokiona.

Ipo pia sanaa ya kuuliza. Kuanzia mwaka 2012, Angela Washko aliingia katika mchezo wa World of Warcraft, akaacha kupigana na kuanza kuwahoji wachezaji juu ya ufeministi na jinsi wanawake wanavyotendewa humo. Hakumtia mtu hofu wala hakumliza. Alimtaka kila mmoja atoe sababu za maneno yake. Kwa kuwa ukatili hulindwa na mazoea yasiyohojiwa, kuyahoji pale yanapotendeka ni sehemu ya kuung'oa.

Pingamizi zito zaidi lilitolewa na Augusto Boal wa Brazili, ingawa yeye alizungumzia jukwaa la maigizo: sanaa inayomtua mtazamaji mzigo wa moyo humrudisha nyumbani ametulia, na dhuluma ikabaki palepale. Hatari hiyo ipo pia katika ulimwengu pepe, ambako kuondoka ni kubonyeza kitufe. Lakini Boal hakuiacha sanaa. Alimtaka mtazamaji awe mtendaji. Kipimo cha sanaa hii kwa hiyo ni kile inachomdai mtu: kumwamini anayesimulia, kuzuia udhalilishaji unapotokea mbele yake, na kuzidai taasisi zimlinde mwanamke. Ukweli wa tendo la humo hauliondoi deni la maisha ya nje. Ndio unaolithibitisha, kwa sababu aliyeendesha avata na aliye jirani wa mwanamke anayepigwa ni mtu mmoja, mwenye dhamiri moja.